Apana ya Mama

Kabla ya kuugua, mama yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Baraka, na hakuna mteja aliyemweza kwa maneno. Asubuhi moja mshipa ukaziba kichwani mwake, upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea. Daktari alitueleza bila haraka kwamba sehemu ya ubongo inayotunga maneno imeumia, ila ile inayoyaelewa ni nzima. "Iko anasikia yote," alituambia. "Musimupigie kelele sawa kiziwi."

Alibaki na neno moja: apana. Ukimuuliza kama anataka chai, apana, huku mkono wa kushoto umeshafika kwenye kikombe. Lakini kanisani Baba Yetu ilimtoka nzima mpaka amina. Na siku mbuzi wa jirani alipokula mihogo aliyoanika, alimtukana kwa Kibembe bila kukwama hata mara moja. Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka nasi. Daktari alisema maneno tuliyoyazoea sana yana njia yake nyingine kichwani. Nilistaajabu, na mpaka leo nastaajabu.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, basi nikajifanya mkalimani. Nilishika kanuni moja, kwamba apana ya mama ni ndiyo. Nilijibu watu kabla hajavuta pumzi, na nakiri nilijiona hodari.

Mwaka uliofuata familia ya kijana mmoja ilitoka Misisi kuja kuzungumza dote, yaani mahari, ya mdogo wangu, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo ya uuguzi. Mjomba wetu alishuka kutoka Fizi kusimamia mazungumzo. Mbuzi walikubaliwa, ng'ombe naye akakubaliwa, watu wakaanza kutaniana. Ndipo mama wa kijana akasema wangependa bibi arusi aende Misisi mara tu baada ya ndoa. Duka lao linahitaji mtu, masomo yatasubiri. Mdogo wangu akainamia mkeka. Mjomba akamgeukia mama, maana kwetu hakuna kinachofungwa bila neno la mzazi.

"Apana," mama akasema.

Wageni wakaangaliana. Nikaharakisha kuwatuliza, tena kwa tabasamu.

"Musiogope. Mama akisema apana, ni ndiyo. Amekubali."

Mama akanitazama. Akasema tena apana, kwa nguvu zaidi, na mimi mjinga nikawaambia wanaona wenyewe alivyofurahi. Watu wakaanza kupiga makofi.

Akainuka. Alienda chumbani akiburuta mguu, tukasikia kifuniko cha sanduku. Aliporudi alikuwa na bluzi nyeupe, ile anayovaa mdogo wangu hospitalini siku za mafunzo. Kwa mkono wake mmoja aliitandaza kwenye mapaja ya mama wa kijana, akanyoosha kola vizuri, kisha akainua kidole kimoja. Mwaka mmoja.

Makofi yakaisha. Aibu ilinichoma, lakini juu ya aibu nilijivunia mama kuliko nilivyowahi kujivunia mtu yeyote. Alikuwa amesikia kila neno, amepima kila neno, na amepata la kujibu mahali ambapo mimi, mwenye ulimi mzima, nilikuwa nimemuuza mdogo wangu kwa tabasamu.

Mama wa kijana alishika ile bluzi kwa muda. Hakuniuliza mimi. Alimsogelea mama, akamwangalia usoni.

"Mukwe, amalize kwanza masomo, njo aende?"

"Apana," mama akajibu, na kichwa chake kikakubali, mara mbili, taratibu.

Nikafungua mdomo kueleza. Mama akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya midomo yangu, bila hasira, akakiacha hapo mpaka mjomba alipomaliza kutangaza kwamba harusi itangoja diploma.