Jicho la Susu

Enzi zetu kule Kalamba, macho yakiuma hukukimbilia duka la dawa. Uliamka kope zimegandana, mama akakushika kichwa na kukuosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukaenda shule. Jioni ulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza likaingia, ukarudi kula isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa mchana kutwa. Watoto wa leo wakiona ukungu kidogo kwenye simu wanataka miwani, tena iwe na fremu ya rangi.

Hospitali tuliishuku, na idara ya macho ndiyo zaidi. Jirani yetu Mama Kioko alituambia kwamba daktari hung'oa jicho, hulisuuza kwenye beseni, halafu hulirudisha. Wagonjwa wakiwa wengi, alisema, macho huchanganyika. Mzee mmoja alirudi kutoka huko akipepesapepesa, tukasema basi, huyo amepewa la mwingine.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukungu ulimwanza ningali nanyonya, na nilipofika darasa la nne alinijua kwa sauti na kwa mkono tu. Siku aliyojikwaa akaanguka karibu na moto, mama alikata shauri. Susu alikubali kwenda kwa sharti moja: nami niende, nichunge beseni.

Daktari alikuwa kijana Msomali. Alipomsalimia kwa Kikamba safi, Susu alizidi kumshuku. Daktari akaeleza kwamba babake alikuwa akiuza mbuzi Kyuso, naye akakulia huko. Susu hakutosheka.

"Jicho langu mkishalitoa," akauliza, "mtaliweka wapi?"

"Hatulitoi, Susu. Tunatoa ule ukungu ulio ndani. Jicho linabaki mahali pake."

Susu akaninong'oneza nisiondoke mlangoni. Sikuondoka. Kila muuguzi aliyepita na beseni nililichungulia, nikaona pamba na mikasi.

Kesho yake bendeji ikafunguliwa. Susu alipepesa, akautazama mkono wake, akamtazama mama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. Uso ukamkunjamana.

"Huyu ni nani?"

Nikasema ni mimi, Mutheu. Akasema sauti anaijua, lakini Mutheu wake ni mtoto mdogo, si msichana huyu mrefu. Niliamini kweli wamemwekea jicho la mtu mwingine. Ndipo akafumba macho, akanivuta, akanipapasa paji, pua na kidevu, polepole kama alivyozoea. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni wewe," akasema. "Mbona hawakuniambia umefanana na mama yangu?"

Tulirudi nyumbani, na kwa siku nyingi tulimfuata uani tukimwonyesha vitu: jogoo mpya, mtaro baba aliochimba, mawingu. Mama Kioko naye alikuja, akamkagua kwa karibu sana, akaenda zake.

Juzi mama yangu naye alitibiwa macho, mjini. Aliingia asubuhi, akatoka kabla ya chakula cha mchana. Wajukuu walikuwa wamesoma kila kitu kwenye simu, hakuna aliyeshuku lolote. Walikuja nyumbani, wakapiga picha naye, wakaondoka chai ikiwa bado moto. Mama alibaki akiutazama mlango, kisha akaniuliza yule mrefu ni mtoto wa nani.