Tuliokwenda Kusalimu Tu

Kuna siku naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Nilikuwa bado binti, huko kwetu Bukiriro. Wanawake wa kijiji tuliunda kikundi, tukitaka mashine ya kusaga, maana mihogo tulikuwa tunaibeba kichwani mpaka kijiji cha pili, na mama yangu mgongo ulishamchosha. Tukasikia halmashauri inasaidia vikundi. Basi tukapanda kilima hadi Ngara mjini na mkungu wa ndizi, maana mkono mtupu haulambwi.

Afisa alikuwa Bi Zaina, mtu wa pwani, mpole. Tukamwamkia.

"Marahaba. Niwasaidie nini?"

Tukatazamana. "Tumekuja kukusalimu tu, mama."

Usicheke! Kwetu jambo zito halisemwi umekaa. Unasalimia, unasifu mvua, unaaga. Mwenyeji akikusindikiza, njiani ndipo unamwambia kilichokuleta. Bi Zaina akashukuru, ndizi akazikataa, eti ni rushwa, akarudia mafaili yake. Rushwa! Ndizi! Tukamngoja nje aje atusindikize, tukangoja mpaka mlinzi akafunga geti. Njia nzima tulimsema: hawa wa mbali hawana adabu.

Baadaye alihamishwa, akaletwa kijana wetu, Mhangaza kabisa. Tukapiga vigelegele, damu nzito kuliko maji. Naye alitusindikiza mpaka stendi, tukamweleza yote kwa Kihangaza. Akainamisha kichwa.

"Mama zangu, nikianza na ninyi watasema ofisi nimeifanya ya ukoo. Vumilieni kwanza."

Mashine ikaenda kwingine. Hapo nikapotea kabisa, mwanangu. Wa mbali hakujua shida yetu. Wa kwetu aliijua, akaogopa. Sasa sisi twende kwa nani?

Nikaenda Bisibo, wilaya jirani ya Biharamulo, kwa shangazi yangu, mwanamke mwenye ulimi mkali. Nikalalamika weee, akanikatiza.

"Mlitaka ndugu au mlitaka mashine?"

"Mashine, shangazi."

"Huyo wa pwani mlimwomba?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi mmemnunia mtu kwa kitu msichomwomba. Mficha uchi hazai!"

Kumbe Bi Zaina alihamishiwa hukohuko Biharamulo. Nikamfuata ofisini, nikamweleza shida yetu hata kabla ya kukaribishwa kiti. Akashika kichwa.

"Mwanangu, siku ile mlipokuja mashine ilikuwepo. Nilikuwa natafuta kikundi cha kuipa."

Nililia mbele yake, sikuona aibu. Mama yangu aliendelea kubeba mihogo mpaka akashindwa kuinuka kitandani.

Nani anafaa kukaa kwenye kiti kile, wa kwetu au wa mbali? Sijui. Nimezeeka na bado sijui, na anayesema anajua mimi humtazama tu. Ninachokuambia ni hiki: ukiwa na shida, itaje ungali mlangoni, anayekusikiliza awe wa kabila lolote. Na wewe umeajiriwa juzi kuwa afisa, unapelekwa mkoa ambao lugha yake huijui. Akija mama na khanga yake ya kanisani, akasema amekuja kusalimu tu, muulize tena. Akikataa, muulize tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusikiliza, akulinde kati ya watu usiowajua, nao wakuite mtoto wao.