Kishikio cha Bingwa

Kuna asubuhi moja ya Himbi, mtaa wa Goma, ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, maana mkono wangu wa kushoto ulikuwa unavuja damu, nami nikaona fahari.

Nilikuwa msichana wa Masisi, binti wa mfugaji, niliyeletwa Goma kukaa kwa mama mdogo. Mumewe, Papa Muhindo, Mnande wa maneno machache, alikuwa akicheza gofu kwenye kiwanja kidogo kando ya ziwa. Leo pamejaa majumba, usipatafute. Aliponipa fimbo nijaribu, nikaupenda mchezo ule kuliko usingizi.

Wiki ile tulipata wageni, wachezaji wa kulipwa kutoka Kenya. Baada yao kuondoka, msichana mmoja angechaguliwa kwenda kucheza Uganda. Niliitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakipiti.

Sasa, fimbo ya gofu ni ya chuma, ila pale mikono inaposhika imevikwa mpira. Ndicho kishikio. Changu kilikuwa chembamba, laini. Cha bingwa wao kilikuwa kinene, kimefumwa nyuzi ngumu, kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Alipopiga, mpira ulipaa hata tukausahau. Nikajisemea, siri ni hii. Wageni walikuwa na vingine vya kuuza, nikamsihi mama mdogo mpaka akaninunulia, nikakivua changu na kuvika kipya.

Vidole vyangu vifupi havikukizunguka. Nikakaza. Kadiri nilivyokaza, ndivyo mpira ulivyokwenda kando, mwingine ukaishia ziwani. Ngozi ikachubuka. Nikafunga kitambaa, nikaendelea. Ujana una masikio, mwanangu, ila mlango wake huwa umefungwa.

Papa Muhindo alikuja, akaushika mkono wangu, akakifungua kitambaa taratibu.

"Furaha, juu ya nini unajiumiza hivi?"

"Papa, hivi ni vya machampioni. Ule wa Kenya njo anatumikisha hivi."

"Ulimuuliza juu ya nini anavitumikisha?"

"Hapana, Papa."

"Basi wende umuulize. Mutu hajue njia kwa kuangalia viatu vya mwenzake."

Nikaenda kumuuliza sababu. Bingwa alikuwa ameketi kwenye majani, anapangusa fimbo zake. Nilipomuuliza hakunicheka. Alinyoosha mkono wa kulia, akajaribu kuukunja. Kidole cha kati kilibaki kimesimama.

"Hiki kilivunjika zamani, dada. Hakikunjiki tena, kwa hiyo kishikio chembamba kinaniponyoka. Na viganja vyangu hutoka jasho mno, bila nyuzi fimbo inateleza. Hawa wenzangu unaowaona, kila mmoja ana chake. Ningekuwa na mkono kama wako, ningechukua chembamba na laini."

Nilitazama kidole kile, nikampa pole. Nilichodhani ni siri ya ushindi kilikuwa mkongojo wa mtu aliyeumia.

Niliporudi, Papa Muhindo alikuwa ameshatoa kisu. Aliukata mpira ule mnene, tukaivika fimbo ule wangu mwembamba pamoja, yeye akivuta, mimi nikisukuma.

"Umeona?" akasema. "Ulikuwa unakunywa dawa ya ugonjwa wa mwenzako."

Mwaka ule sikuchaguliwa, kidonda hakikupona mapema. Nililia, sikufichi. Mwaka uliofuata nikachaguliwa, nikavuka mpaka kwenda Uganda na fimbo zangu, nikashika nafasi ya pili, na tangu hapo nimefundisha mabinti wengi. Kila anayekuja, kwanza namwambia: nionyeshe mkono wako.

Wazee walisema, ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Nisamehe, methali haina adabu, lakini haina uongo. Mwanangu, leo unawatazama kwenye simu watu walioendelea, unataka nywele zao, biashara zao, hata ndoa zao. Watazame, si vibaya. Lakini kabla hujaiga, uliza: mwenzangu alianza hivi kwa sababu gani? Huenda unachokitamani alikishika kwa sababu ya jeraha. Kuuliza si ujinga. Jifunze juhudi yake, kisha tafuta kinachoenea mkononi mwako.

Nenda na amani. Mungu akupe wa kukukemea kwa upole, na moyo wa kumsikia. Kazi yako ikupende, uzee wako usiwe na majuto.