Deizi Zilizoota Bapa

Siku ya mapumziko ilifika, Hapungui hakupumzika. Mgongo ulimuuma tangu alfajiri, magoti yalilia kama bawaba kavu, na bado mkewe alimwita uani mara tatu, kila mara sauti ikipanda ngazi moja.

"Baba watoto, njoo uone maajabu."

"Nimeshaona ya kutosha. Niletee chai."

"Chai ina miguu? Njoo."

Akaenda akiburuta kandambili. Jina la Hapungui alipewa na wateja, maana miaka ishirini na minane aliuza mapipa ya plastiki yaliyokwisha tumika, na aliyewahi kumshusha bei alitoka hapo jasho likimtiririka. Alianza na pipa moja alilolisukuma kwa mguu barabarani. Sasa alikuwa na nyumba, ua na mkokoteni. Mtaji wake mwingine ulikuwa maneno matatu: nimeosha mara tatu. Watu waliyaamini kwa sababu yalikuwa kweli.

Mkewe alikuwa amechutama kwenye kitalu chake cha deizi, yale maua meupe yenye kitovu cha njano, aliyoyapanda ili kuficha lundo la mapipa. "Tazama hili. Na hili."

Bua lilikuwa bapa kama mkanda wa suruali. Juu yake ua lilikuwa limevutika, kitovu kirefu kama kiwavi, petali zimejipanga pande mbili mithili ya meno ya chanuo. Jingine lilikuwa na vichwa viwili vilivyopeana kisogo.

"Kama sisi jana," mkewe akasema, akacheka peke yake. "Jirani ameniomba mbegu. Nimemwambia mbegu zangu haziombwi, zinanunuliwa. Si nimejifunza kwako?"

Hapungui hakumsikia vizuri. Alikuwa akifuata mstari kwa macho. Deizi za karibu na mlango zilikuwa duara, hazina kasoro. Zilizovurugika zilikuwa safu moja tu, ile iliyoandamana na mfereji ambamo maji ya kuoshea mapipa hupita. Mali ikioza upande mmoja wa ghala, mwenye akili hutazama paa la upande huo.

Kabla ya mapipa aliwahi kuwa kibarua shambani, bomba la dawa ya magugu mgongoni. Aliona jinsi maharage ya shamba la pili yalivyojisokota pale upepo ulipoipeleka dawa isikotakiwa. Shule hakukaa sana, lakini mmea ulioonja dawa aliujua.

"Yale mapipa ya bluu niliyaosha lini?"

"Wiki ya tano hii. Yalikuwa matatu."

Hayo matatu aliyanunua kwa mtu wa ghala aliyeapa kwamba yalibeba sabuni. Lebo zilikuwa zimebanduliwa. Bei ilikuwa laini mno, naye, mwenye kuuliza kila kitu, siku hiyo alikuwa hoi, hakuuliza. Akaliendea lile lililobaki, limeshinda juani likiwa limefungwa, akazungusha kizibo. Harufu ilikuwa hafifu, tamu, yenye kukwaruza koo. Akakirudisha kizibo.

"Mawili yako kwa Mama Sufuria," mkewe akasema taratibu. Hakuwa akicheka tena. "Maji yake wanapikia?"

"Wanapikia, na kunywa."

"Labda ni maua tu."

"Labda."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitamani sana yawe maua tu. Kumrudia mteja na kumwambia bidhaa yako ni mbaya ni kuutia moto mkono unaokulisha. Alikaa pale hadi chai ikapoa jikoni, halafu akashika mkokoteni.

Mama Sufuria, mwenye mgahawa wa kona, alikuwa akimenya vitunguu. Mapipa yalisimama nyuma ya mlango, kikombe cha bati kikining'inia kwa kamba.

"Dada, nimekuja kuyachukua haya. Pesa yako hii hapa, yote."

Kisu kikasimama. "Hapungui anarudisha pesa? Nani amekupandia dau?"

"Hakuna."

"Kaka, mimi na wewe hatujajuana jana. Umepata mteja mnono. Ongeza, tuzungumze."

"Nakuletea mawili mengine juu ya hiyo pesa. Bure."

Hapo ndipo alipoharibu. Wateja waligeuka mezani. Mama Sufuria akajifuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko, akitabasamu. "Bure, kutoka kwako? Basi haya yana dhahabu. Siyatoi."

Hapungui akaegemea mlango. Hakuwa na nguvu ya kuzungusha maneno.

"Yana dawa ya magugu. Nadhani. Sikuuliza nilipoyanunua."

"Uliniambia umeosha mara tatu."

"Nimeosha mara tatu. Haikutosha."

Mtu mmoja akaisukuma glasi yake katikati ya meza. Mama Sufuria alikikodolea macho kile kikombe cha bati.

"Mjukuu wangu anakunywa haya," akasema. "Kila akitoka shule."

"Mpeleke akapimwe leo. Gharama yote ni juu yangu."

Mama Sufuria akainuka. Akainamisha pipa la kwanza lielekee mlangoni.

"Usimwage hapo, dada. Nitaondoka nayo hivyo hivyo."

Maji yalikuwa yamebaki robo, hata hivyo mgongo ulimkata alipoyapakia mapipa. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Alipokuwa akifunga kamba, fundi baiskeli akamuuliza kutoka mezani, "Mzee, na lile langu jeupe?"

"Lako lilikuwa la mafuta ya kula."

"Una hakika?"

Jana angejibu kabla swali halijaisha. "Lilete nilinuse," akasema.

Alipofika kona, watu watatu walikuwa wakimfuata, kila mmoja akitaja rangi ya pipa lake. Hakuharakisha, mgongo usingemruhusu.

"Mmoja mmoja," akawaambia bila kugeuka. "Nawasikia."