Herufi Zenye Kofia

Vurugu yote niliileta kwa mdomo wangu. Miaka ile ya sitini nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi moja mjini Kisii, na jioni nilimpigia taipu shehe mmoja mgeni kutoka pwani. Alikuwa akitafsiri sura za Kurani kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa dunia nzima wasikilizane. Macho yake yalikuwa yamechoka, bila mimi kazi ingelala. Nami niliipenda, jamani! Mpaka leo namshukuru mzee yule.

Baadhi ya herufi za Kiesperanto zina alama kichwani, na mashine yetu haikuwa nazo. Nilizichora kwa kalamu. Shehe aliziita kofia. Basi siku moja, sokoni Daraja Mbili, nikamwambia jirani yetu kwamba kwa shehe kazi yangu ni kofia tu. Habari ikamfikia mama kule kijijini Marani ikiwa imeshapikwa: binti yako amevishwa kofia, amesilimu. Tangu lini wanawake wakavaa kofia? Hakuna aliyeuliza.

Mama, mtu wa kanisa kwelikweli, akashuka mjini kunichukua. Aliniambia nifunge mizigo, kazi ya mjini imekwisha. Nikamsihi aje kwanza aone kwa macho yake.

Shehe akampa kiti na kumwonyesha karatasi. Mama akazitazama zile herufi na vikofia vyake, akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Kisha akakunja uso. Kama ni lugha ya watu wote, akauliza, mbona Kikisii hakimo?

Shehe hakujitetea. Alikiri kwamba amekaa kwetu muda wote huo na hajui hata kushukuru kwa Kikisii, akaomba afundishwe. Mama akamfundisha: mbuya mono. Akakosea, mama akamrudisha, akakosea tena. Alipoipata akatabasamu, akasema mono kwa Kiesperanto ni pesa.

“Kumbe tumo,” mama akasema.

Shehe akanigeukia. “Mbuya mono, binti yangu.”

Hakuna mtu wa mjini aliyewahi kunishukuru kwa lugha ya mama yangu. Mama akakivuta kiti changu karibu na mashine.

“Keti,” akaniambia. “Wavalishe watu kofia zao.”