Mgomba Tuliouita Babu

Enzi zetu mtoto akiuliza sana aliambiwa, "Wewe utakuwa wakili," na haikuwa sifa. Mimi niliambiwa kila siku. Likizo tulipelekwa Ihembe kwa Bibi, mama yake baba, mimi na binamu yangu Deo. Asubuhi tunachuma kahawa, mchana tunakula ndizi na maharage yaliyoungwa samli, jioni tunacheza mpira wa majani makavu ya migomba hadi tuitwe mara tatu. Siku hizi mtoto anaitwa mara tatu atoke nje akacheze!

Kibanja kizima, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, kilikuwa chetu, isipokuwa kwenye kaburi la Babu. Bibi alilipalilia kwa mikono yake. Babu alikwenda Keya, jeshi la Mwingereza, akafia Burma baba yangu akiwa bado tumboni. Hayo tuliyajua wote.

Sasa darasani mwalimu akatundika ramani. Nikaitafuta Burma. Lahaula! Iko ng'ambo ya bahari. Basi Babu alirudije Ihembe? Na kama hakurudi, kaburini kuna nani? Swali lile lilininyima raha muhula mzima.

Likizo ilipofika, Jumapili, Bibi akiwa kanisani, nilimvuta Deo na jembe hadi kaburini. Tulikuwa tumechimba hadi magotini niliposikia mtu anakohoa.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, maana ndivyo alivyonitania, "unamtafuta mume wetu?"

Deo akaninyooshea kidole, msaliti yule. Nikajikaza. "Shikamoo Bibi. Mwalimu kasema Burma ni ng'ambo. Babu aliletwa na nani?"

Nilingoja fimbo. Bibi akakaa kwenye udongo na kitenge chake cha kanisani.

"Hakuletwa. Zilikuja habari tu. Na sisi mtu wetu hatumwachi nje. Tukakata mgomba, tukauvisha nguo ya gome la mti, tukaulilia, tukauzika hapa. Baba mkwe akasema nichague mimi, kwa kuwa urefu wa mume wangu niliujua mimi." Akachota udongo kiganjani. "Mpaka leo najiuliza, mwanangu. Nisije nikawa niliukata mfupi."

Akasimama, akainua kiganja shibiri moja juu ya kichwa chake. "Alikuwa hapa." Tukafukia shimo. Kisha fimbo zikaja, tena za kutosha, Bibi hakuwa mtu wa kusahau.

Leo Bibi amelala ubavuni pa mgomba wake. Nami nina wajukuu, watoto ambao mvua ikipiga bati wanaiuliza simu kama itanyesha. Krismasi iliyopita mkubwa wao alikaa pale makaburini akimtafuta Babu kwenye simu. Akaona misitu ya Burma, akaona askari na kofia zao, majina mengi, la kwetu hakuna. Sisi tulitumia jembe tukapata jibu siku hiyohiyo, ingawa na makalio yalilipa.

"Bibi," akaniuliza, "hata picha hamna? Alikuwaje?"

Uso wake siujui, hata baba yangu hakuujua. Nikasimama. Nimetoka na kimo kilekile cha Bibi, kila mtu husema hivyo. Nikainua kiganja shibiri moja juu ya kichwa changu.

"Alikuwa hapa."

Kijana akaweka simu mfukoni, akaja akasimama chini ya kiganja changu, akanyoosha mgongo. Nywele zake zikanigusa. Nililia, sikujificha, na mkono sikuushusha.