Kitambaa cha Buluu Ndani ya Mlango

Kwanza niseme kwamba yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, si mtu mbaya. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na mengine nitasahau kulisema. Hatupendani. Tangu utoto hatupendani, na baada ya mazishi ya tata, baba yetu, tuligombania motokari yake.

Ni motokari ndogo ya spoti, ya zamani, viti viwili, paa la turubai, iko chini sana. Ukikaa ndani na lori la madini likapita kando yako, unaona tairi tu, dereva humwoni. Tata aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na hapa Kolwezi sijaona nyingine kama hiyo. Tata alipokufa injini ilikuwa bado hai, lakini milango ilikuwa imeoza. Ukigonga sehemu ya chini kwa kidole, kutu ilianguka kama makapi ya kahawa.

Siku ya kugawana vitu familia ilikaa uani kwa baba mudogo, ndugu mdogo wa tata. Alipouliza nani atakamata motokari, watu wote walimwangalia yaya, maana kwetu mkubwa ndiye anayechagua kwanza. Mimi nikasimama. Mimi ni tolye, kazi yangu ni kunyoosha na kuchomelea mabati ya magari, kwa hiyo nilijua watanisikiliza.

"Ile milango haikuoza yenyewe," nilisema. "Yaya njo alikuwa anaacha bioo chini na mvua inanyesha. Kila mara. Mutu mwenye aliharibu kintu ya tata, hawezi kuwa na neno juu yake."

Kusema haki, nilimwona akiacha vioo chini mara mbili. Mara mbili si kila mara. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale.

Yaya hakuinuka kwenye kiti. "Huyu," alisema, "anapiga nyundo tangu asubuhi mpaka akili ilitokea mu masikio."

Watu walicheka, hata shangazi aliyekuwa analia. Lakini baba mudogo hakucheka. Alisema neno langu ni la haki, na motokari itaenda kwa mwenye mkono wake haukuiharibu. Yaya akaniangalia.

"Kamata. Lakini siku nitajua ulisema bongo, ulidanganya bantu, nitakuya kuichukua mbele ya bibi yako na batoto bako."

Nikaisukuma mpaka kwangu, maana betri ilikuwa imekufa. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya kushinda mtu, si ya kupata kitu. Miezi miwili nilipita mbele ya duka lake la vipuri bila kusalimia, na yeye akiniona alitema mate pembeni. Ni haki pia kusema kwamba mimi ndiye niliyeanza kutosalimia.

Katikati ya kiangazi niliitoa milango kwenye gari, nikaanza kazi. Mlango wa gari una bati la nje ambalo kingo zake zimekunjwa kushika fremu ya ndani. Ukisaga ule mkunjo pole pole, bati linatoka lote kama ngozi ya mbuzi. Nilisaga wakati kuna umeme, ukikatika nilikaa juu ya ndoo kusubiri. Kutoka Nzilo, kwenye bwawa la umeme, mpaka kwetu si mbali, lakini nyaya zina safari zao.

Bati la mlango wa kushoto lilipotoka, niliona chini ya fremu tope kavu, na chini ya tope mastiki nyeusi, ile gundi nzito ya kuzibia, imeziba matundu yote matatu ya chini ya mlango. Nikaichokoa kwa bisibisi. Ndani ya mastiki kulikuwa na kitambaa cha buluu.

Nilikitambua.

Hapa kwetu vumbi ndilo adui. Kiangazi malori yanatoka na kuingia Mutoshi, kwenye mgodi, na barabara inasimama hewani, unakula vumbi, unalala nalo. Kwa hiyo kila mwenye gari anamwambia tolye: ziba matundu. Na sisi tunaziba. Zamani mama alikuwa anaenda misa kwa motokari hii na kitenge cheupe, akishuka ni chekundu. Tata akasema tuzibe. Nilikuwa nimeacha shule mwaka huo huo, katika darasa la pili la sekondari, na suruali yangu ya shule, ya buluu, haikuwa na kazi tena. Niliikata vipande, nikavichovya katika mastiki na lami, nikaziba kila tundu la chini ya milango miwili. Tata alinisifu mbele ya yaya. Sikumbuki kama ndiyo sababu nikapenda kazi hii, lakini inawezekana.

Matundu yale ni ya maji. Mvua inapita kati ya kioo na mpira, inashuka ndani ya mlango, inatoka chini. Ukiyaziba, inabaki ndani. Vioo vya yaya viliongeza maji siku mbili. Kitambaa changu kiliyashika miaka yote.

Nilimwonyesha mke wangu. Alikiangalia, akarudi kwenye sufuria yake.

"Tupa," alisema. "Nani anafunguaka mulango ya motokari kuangalia mu tumbo yake?"

"Mi nilifungua."

"Basi funga."

Sikutupa wala sikufunga. Nilikunja mabati mapya, nikayapiga kwa nyundo na gogo la mti mpaka mkunjo ukashika fremu zote mbili, na matundu nikayaacha wazi. Kazi ilikuwa nzuri, naandika bila aibu. Siku hizo zote nilitafuta njia ya kuwa na haki na motokari pamoja. Nilijiambia tata ndiye aliyeagiza. Nilijiambia sikujua. Yote ni kweli. Lakini uani sikusema "mwenye aliharibu akijua". Nilisema "mwenye aliharibu".

Siku ya tano nilikwenda dukani kwa yaya. Alikuwa anapanga mikanda ya injini.

"Umepotea njia?" aliuliza bila kugeuka.

Niliweka kitambaa mezani, nikamweleza, kwanza tundu, halafu maji, halafu suruali. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu kama kitu kilichokufa.

"Kwa hiyo njo weye."

"Njo mi," nilikiri.

"Na mbele ya familia yote uliniita mwenye kuharibu."

"Niliita."

"Na leo unakuya na kitambaa, bantu baseme wewe ni mutu wa haki." Alikisukuma kwangu. "Hata ukisema kweli, unasema juu ya kutaka kunishinda."

Nilikichukua kitambaa, nikakitia mfukoni. Huenda alisema kweli.

Kesho yake alikuja na rafiki yake mwenye lori na kamba. Milango mipya ilikuwa imeegemea ukuta, bado haijarudishwa kwenye motokari. Hakuiangalia. Mbele ya mke wangu na watoto alifunga kamba, akakaa nyuma ya usukani, motokari bila milango, magoti yake nje kama mtu aliyepanda punda. Lori likavuta. Vumbi likamfunika mpaka kona.

Nikabaki na milango isiyofaa gari lingine lolote la mji huu. Jumamosi nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaenda nayo kwake, nikiwa na bawaba na boliti mfukoni. Alikuwa mlangoni.

"Nilikuita?"

"Hapana."

"Basi fanya, uende."

Nilifunga wa kushoto. Niliunyanyua, nikaushusha, nikalegeza, nikakaza, mara sita, mpaka nafasi pande zote ikawa sawa. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakunisaidia kuubeba. Nilipomaliza akainama, akaona matundu.

"Umeacha mashimo. Unataka bumbi inimalize?"

"Ni ya maji."

"Ulikuwa tolye tangu lini wa kunifundisha maji?"

Akaingia ndani, akatoka na bidoni, dumu lenye maji. Akayamwaga yote kando ya kioo, pole pole, akiniangalia mimi, si mlango. Yalishuka ndani kwa sauti. Halafu yakatoka chini kwa matundu matatu, moja kwa moja juu ya viatu vyake vya ngozi.

Alisubiri mpaka tone la mwisho. Kisha akaweka bidoni chini.

"Funga ule mwingine," alisema, akaenda kukaa.